Gia ya Tano ya Pikapu ya Baba

Pikapu aliyoniachia baba haikujua kwenda mbali. Ilijua kupanda. Baba alilima viazi kule juu karibu na msitu, na miaka mingi iliyopita alimwambia fundi amwekee gia ya tano fupi, ya kuvuta mzigo, ili asirudi ya nne kila akikutana na mwinuko. Kwake ilikuwa akili nzuri sana. Lakini mimi binti yake ni mwalimu wa kemia mjini Nyeri, sibebi viazi, na siku hizi barabara ya kushuka Karatina hadi Sagana imepanuliwa, watu wanapita mbio kama wanaofukuzwa. Nikifika kilomita themanini kwa saa, mshale wa mizunguko ya injini ulisimama kwenye elfu tatu na mia tano, na kukaa ndani ilikuwa sawa na kukaa kwenye mashine ya kusaga unga.

Mimi ningevumilia. Aliyeshindwa ni mama. Ana ugonjwa wa masikio unaomletea kizunguzungu, na kelele ile ilikuwa inamuumiza kabisa. Dada yake mkubwa anaishi Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, miguu imemwisha, hawezi kusafiri, na walikuwa wamemaliza miaka mitatu bila kuonana. Kwa simu hawasikilizani, kila mmoja anamfokea mwenzake, kisha wanakata. Matatu ya abiria mama hataki hata kuisikia. Nilijaribu kumpeleka na pikapu mara moja tu. Tulipofika Karatina aliniambia nisimame, akashuka, akaketi juu ya gunia la kabichi la mwanamke asiyemjua, akafunga macho. Alisema haingii kwenye gari lile kwenda mbali tena mpaka linyamaze. Nilimrudisha Nyeri polepole mno, malori yakinipigia honi nyuma, na nilikuwa na hasira ya kung'ata usukani. Mama sikumkasirikia. Nililikasirikia gari.

Kila mtu alinishauri niliuze. Sasa mimi nina kichwa kigumu, wanafunzi wangu watakuambia, na nikiambiwa jambo na watu watatu mfululizo naanza kulikataa. Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari la maabara. Injini ilikuwa nzima. Ekseli ilikuwa nzima. Kilichotakiwa ni gia ya tano ndefu, ili magurudumu yaende kasi ileile huku injini ikizunguka mara chache zaidi. Tena kwenye giaboksi ile gia ya tano hukaa peke yake kule mkiani, kwa hiyo huna haja ya kufumua kila kitu ndani.

Nilimpelekea fundi wangu hesabu hiyo. Ni mtu wa makamo, mkimya, ametengeneza magari ya wakulima maisha yake yote. Alinieleza kwamba gia ya tano ni mbili, moja ya shafti ya juu na moja ya shafti ya chini, na zinabadilishwa pamoja kwa sababu meno yake yamezoeana. Nikamwambia sawa, nataka zile za kupunguza mizunguko. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya siku mbili akanipigia simu kwamba kazi imeisha.

Niliichukua pikapu nikashuka nayo kuelekea Karatina nikiimba. Kwenye themanini mshale ulipita elfu tatu na mia tano, ukaenda mpaka karibu elfu tatu na mia nane. Nilidhani macho yangu ndiyo yana shida. Nikageuza gari, nikarudi gereji, na nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya watu wazima.

Fundi hakubisha. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, mimi nilidhani umechanganya," alisema. "Huku kwetu nani anataka gari ikuwe na nguvu kidogo? Watu wote wanakujanga hapa wanataka ya kupanda. Nikaona wacha nikuwekee ile mzuri."

Ningemfanya nini? Alikuwa amenitendea wema. Katika milima yetu hii hakuna mtu aliyewahi kuomba gari livute kidogo, na yeye, kwa kunihurumia, alikuwa amenitafutia gia fupi kuliko hata ya baba. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Halafu nikamwambia kwamba safari hii tunaenda kununua pamoja.

Muuza vipuri alikuwa na giaboksi kuukuu zimerundikwa nyuma ya duka, zote za pikapu kama yangu. Kila moja aliisifu kwamba ndiyo hiyo ninayoitafuta. Mimi sikutaka kusifiwa kitu, nilikuwa nimekuja na chaki mfukoni. Tulipiga alama kwenye shafti ya mbele, inayotoka kwenye injini, na alama kwenye ile ya nyuma, inayokwenda magurudumuni, fundi akaingiza gia ya tano, nami nikazungusha mbele kwa mkono mara kumi huku yeye akihesabu nyuma; nyuma ikizunguka zaidi, gia ni ndefu zaidi. Ya kwanza ilizunguka mara kumi na moja. Hiyo ni ya baba, nikasema, weka kando. Ya pili hivyo hivyo. Mikono yangu ilikuwa imejaa oili chafu hadi kwenye viwiko, na muuza duka alikuwa ameacha wateja wake kuja kutazama mwalimu akichezea chuma. Giaboksi ya tano katika rundo ilizunguka karibu mara kumi na nne. Fundi aliinua macho. Akaniomba nirudie, nikarudia, akahesabu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu.

Tuliporudi gereji alizifunga zile gia mbili kwenye pikapu nikiwa nimesimama hapo hapo, nikimpitishia spana. Jioni hiyo tulitoka wote wawili kuijaribu kwenye lami. Niliingiza ya tano, nikafika themanini, na mshale ukatulia chini ya elfu tatu, karibu elfu mbili na mia nane. Nilisikia upepo dirishani. Nilisikia fundi akipumua. Aliniuliza nitafanyaje kwenye miinuko, nikamwambia nitarudi ya nne kama watu wengine, kwani mkono wangu una kazi gani? Nilifurahi waziwazi, nikapiga honi bila sababu.

Jumamosi nilimpakia mama. Alikaa ameshika kitasa cha mlango, tayari kuniambia nisimame. Karatina ikapita. Sagana ikapita. Mimi sikuthubutu kumuuliza. Tulipoanza kuona mashamba ya mpunga aliachia kitasa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nimekumbuka kuleta sukari.

Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni pake. Walishikana mikono wakalia, kisha wakagombana kidogo kuhusu nani alikuwa hapokei simu. Halafu mama mkubwa akasema ni mwaka mzima hajaona kitu zaidi ya ukuta wa jirani. Nilimbeba, kweli nilimbeba, nikamketisha katikati ya kiti cha mbele, mama akaingia pembeni, tukaingia barabara kuu kuelekea Makutano.

Waliongea. Waliongea taratibu, kwa sauti ndogo ya watu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni, kuhusu nani amekufa na nani ameoa vibaya, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake arudie. Hawakukumbuka kwamba kuna mtu anawaendesha. Sijawahi kusahauliwa na nikafurahi namna hiyo.

Kisha mama mkubwa akamgusa dada yake goti. "Huyu msichana wako mbona anaenda pole hivi?"

Mama alinigeukia. "Ongeza," akasema.

Nikaongeza.