Godoro Aliloleta Tsonka

Tsonka alipoolewa alikuja na godoro lake. Lilipitishwa kijiji kizima juu ya mkokoteni, ili watu wa Dolni Dol waone binti ametoka kwa watu gani: sufu tupu ya kondoo, imeoshwa mtoni, ikaanikwa, ikachambuliwa na mama yake mzazi kwa vidole majira yote ya baridi. Mama mkwe wake, Valkana, mwanamke wa kimo na sauti, alilibonyeza kwa ngumi, akalinusa, kisha akavua viatu akapanda juu.

"Nalijaribu tu, bi harusi," alisema.

Basi hakushuka. Bi harusi na mumewe Gencho wakapewa la wazee, fuko la turubai lililojazwa maganda ya mahindi. Katikati lilikuwa na shimo ambalo Valkana na marehemu baba mkwe walilichimba kwa viuno vyao, na ukigeuka hata kidogo tu maganda yanalia nyumba nzima inasikia. Tsonka alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimwangalia mumewe. Gencho akakuna kisogo, akasema, "Mwache, ni mama." Mpaka anaingia kaburini mwanamume yule hakuwahi kusema neno jingine la maana juu ya jambo lolote.

Miaka arobaini, jamani. Maganda ya mahindi hayana huruma. Yanakuchoma begani, yanakuacha kiuno hewani, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Tsonka alikuwa akitoka kitandani kwa magoti, anashika mguu wa meza, ananyooka kidogo kidogo huku ameuma meno, halafu ndiyo anakwenda kumkamua ng'ombe. Mtoto hawakujaliwa, na Valkana hakuacha kulisema hilo mezani, mbele ya wageni, mdomo umejaa maharage: "Mimi juu ya maganda hayo hayo nilizaa watano. Ubaya si wa godoro."

Tena mpaka Tsonka ana mvi, bibi yule aliendelea kumwita bi harusi.

Gencho alipokufa, Tsonka alivaa nguo nyeusi, akatimiza arobaini ya marehemu, akachemsha ngano ya kugawa makaburini, yote kama inavyopasa. Kisha akauza ndama, akapanda basi la asubuhi kwenda mjini Troyan, akaingia duka la vitanda na kitambaa chake cheusi kichwani.

Muuzaji, kijana mmoja mnene aitwaye Asen, alimuuliza, "Unalalaje, mama? Chali, ubavu, au kifudifudi?"

Tsonka aligeuka nyuma kuona kama anaulizwa mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo toka azaliwe.

"Pembeni," alisema. "Ukutani kabisa."

"Hapana, mama, nauliza mwili. Mwili unaulazaje?"

"Ubavu. Mgongo wangu mbovu, mwanangu."

"Basi lililo gumu sana halikufai, litakukataa bega. Lililo laini sana nalo litakumeza kiuno. Vua viatu, panda. Usikae tu ukingoni kama unasubiri daktari! Lala kama unavyolala nyumbani."

La kwanza lilikuwa la springi, likamrusha. La pili lilikuwa laini mno, akazama. La tatu lilikuwa la sponji nzito, ile inayobonyea taratibu ikashika umbo la mtu. Asen aliweka mkono chini ya kiuno chake, kwa adabu, akaona haupiti. "Hili ndilo lako," akasema, "na kitanda tukuchukulie cha juu kidogo, magoti yasiteseke unapoamka, na chaga zake ziwe karibu karibu." Alipoinama kumtazama, Tsonka alikuwa amelala fofofo, anakoroma, machozi yamemtiririkia puani. Walimwacha mpaka wakati wa kufunga duka.

Dereva aliyeleta godoro ndiye aliyesambaza habari hiyo, na Dolni Dol wakapata la kucheka. Pena, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisimama getini mikono kiunoni. "Hee, dada! Mjane wa juzi tu, unakwenda kulala mjini kwa wanaume?"

"Nimelala, ndiyo," Tsonka alisema. "Na nitalala tena leo."

Alicheka mwenyewe. Kitanda kikafungwa katika chumba chenye jiko la kuni, maana ndicho pekee kinachokalika wakati wa theluji. Tsonka akatoka kumpa dereva kikombe cha kahawa na mtungi wa kabichi ya chumvi ya kupeleka nyumbani. Aliporudi, Valkana alikuwa amelala katikati ya kitanda, mikono kifuani, viatu miguuni.

"Nalijaribu tu, bi harusi."

Tsonka akamwendea, akamkamata mguu. "Shuka, mama."

"Sishuki. Nimekuja kufa. Siku zangu zimekwisha, naisikia roho iko hapa kooni. Niacheni nife mahali pazuri."

"Shuka nimesema!"

Bibi akafungua kinywa akapiga yowe, "Ananiuaaa!" mpaka Pena akaingia mbio na wanawake wengine wawili nyuma yake. Walimkuta kikongwe wa miaka themanini na ushee, macho juu, na mkwe wake amemkamata mguu. Wakajipiga alama ya msalaba. Mtu atamtoaje kitandani mwanamke anayekufa? Tsonka akauachia ule mguu.

Sasa, mjue kwamba kwetu mtu akifia juu ya godoro, godoro hilo hulilalii tena. Linatolewa nje siku ya maziko, linachomwa moto ukingoni mwa kijiji, na hakuna anayeuliza lilinunuliwa lini. Valkana alilijua hilo vizuri kabisa, kama alivyolijua Tsonka.

Na hakufa! Alilala siku ile mpaka kesho yake adhuhuri, akaamka amechangamka, mashavu mekundu, akaomba mtindi na mkate. Mgongo ulimwacha. Kikohozi kikamwacha. Daktari aliyepita kijijini alimpima presha, akabonyeza godoro kwa kidole, akasema, "Bibi, kitanda hiki ndicho dawa yako, usikiache."

"Umesikia, bi harusi? Daktari kasema."

Lile la sufu Valkana alikuwa amelilalia mpaka likawa jembamba kama shuka, tena limeliwa na nondo, basi Tsonka akatandika maganda yake sakafuni, upande wa pili wa chumba hicho hicho. Akalala hivyo majira matatu ya baridi.

Kila alfajiri, kabla ya ng'ombe, alitambaa mpaka kitandani akaweka kiganja puani mwa kikongwe. Pena alimwona mara moja kupitia dirishani, akaeneza sifa: "Mkwe kama yule hayupo tena! Anamwangalia mama wa watu kama yai." Loo, yai! Tsonka alikuwa akilinda godoro. Akihisi pumzi, anashusha moyo, kisha hasira inampanda papo hapo, kwa kuwa pumzi ile ilikuwa na nguvu na harufu ya vitunguu.

Valkana alimsikia kila siku, akajifanya amelala. Siku nyingine alimuuliza bila kufungua macho, "Nife lini, bi harusi? Nipangie wewe siku."

"Usiwe na haraka, mama. Godoro lina dhamana ya miaka kumi."

"Basi nitaimaliza yote."

Kwa nini hakumburuta tu akamtupa nje? Alijaribu, si mara moja. Lakini yowe la Valkana lilikuwa zima kama kengele ya kanisa, na mjane asiye na mtoto, katika nyumba iliyoandikwa jina la mama mkwe, ana nani wa kumtetea?

Majira ya tatu, theluji ilipofika dirishani, kichomi kilimpata bibi kweli kweli. Daktari alikuja kwa trekta, akasikiliza mapafu, akatikisa kichwa. Wanawake wakakusanyika kuzunguka jiko, na kama kawaida wakaanza kubishana mbele ya mgonjwa kana kwamba keshaondoka.

"Mtoleeni mto kwanza," Pena alisema. "Una manyoya ya kuku. Roho haitoki juu ya manyoya, itahangaika tu bure."

Mto ukatolewa. Valkana akaendelea kukoroma kifuani, hafi wala haponi.

"Ni hilo godoro," mwingine akasema. "Lainilaini linashikilia roho."

"Sponji si kuku, wewe!"

"Laini ni laini. Bibi yangu alishushwa sakafuni kwenye majani makavu, hakufika hata jioni. Alikwenda kama mshumaa."

Pena akamgeukia Tsonka, sauti ya upole. "Dada, unamtesa. Mshushe akapumzike."

Tsonka alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka mezani. Kumbe mlango ulikuwa wazi siku zote hizi! Akimshusha kabla hajafa, kitakachochomwa ni maganda. Tena atamshusha kwa baraka ya kijiji kizima, na watamsifu.

"Nishikieni miguu," alisema.

Valkana akafungua macho. Maskini, alikuwa ameelewa kila neno. Akaushika ukingo wa godoro kwa mikono miwili, na nguvu ile kwa mgonjwa wa kichomi ilikuwa ya ajabu. Tsonka akainama, akaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayebandua kupe kwa ng'ombe.

"Bi harusi," bibi alinong'ona, "nitakufa huko chini."

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana."

"Maganda yale..."

"Nimeyalalia zaidi ya miaka arobaini. Hayakuniua."

Wakamlaza ndani ya lile shimo la maganda alilolichimba mwenyewe alipokuwa bi harusi. Wanawake wakawasha mshumaa, wakangoja mpaka giza likaanza kuingia, wakaona mgonjwa hana haraka, wakaenda kuwapikia waume zao.

Hakufa siku ile, wala ya pili. Maganda yalilia kila alipovuta pumzi. Alipokuwa na nguvu ya kusema, alisema kitu kimoja tu: "Pananichoma hapa." Akaonyesha begani. Tsonka alipajua pale mahali, alikuwa na sugu pale pale. Angeweza kumkunjia blanketi akamwekea chini ya bega. Blanketi lilikuwa juu ya kiti, hatua mbili tu. Alilitazama, akatia kuni jikoni, akakaa.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, uchovu ulimshinda. Alivua viatu, akapanda kitandani kwake kwa mara ya kwanza tangu alipokinunua. Akalala ubavu, kama alivyomwambia kijana wa dukani. Godoro likampokea bega, likampokea kiuno, lakini si pale alipotaka yeye. Lilikuwa na bonde refu, pana, la mwanamke wa kimo, na Tsonka mdogo akateleza mpaka chini kabisa mwa bonde lile. Akafumba macho. Sakafuni maganda yakalia, yakanyamaza, yakalia.

"Bi harusi," sauti ikatoka chini. "Umelala?"

Tsonka hakufungua macho. "Nimelala, mama."

"Mwongo," Valkana alisema, na alicheka, au alikohoa, mtu hawezi kujua. Maganda hayakulia tena.

Maziko yalikuwa mazuri. Fuko la maganda lilichomwa karibu na kalvati, ukingoni mwa kijiji, likawaka kwa moto mkubwa mfupi, na Pena alimkumbatia Tsonka mbele ya watu wote, akasema hakuna mama mkwe aliyewahi kutunzwa hivyo Dolni Dol. Tsonka alimshukuru. Akagawa ngano, akamimina rakia kidogo, ile pombe kali ya matunda, juu ya kaburi, akarudi nyumbani kabla ya wengine.

Aliligeuza godoro kichwa chini, bonde likawa chini. Akatandika shuka jipya, akapanda. Alilala mpaka jua likaingia dirishani na ng'ombe akawa analalamika zizini. Aliamka, akaweka miguu sakafuni, akasimama. Alisimama tu, hivi hivi, bila magoti, bila mguu wa meza. Akajishika kiuno akitafuta maumivu, hakuyaona. Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa hasira, ngumi zikipiga kitanda, kwa sababu lilikuwa zuri, zuri sana, zuri kuliko alivyolikumbuka, na yule mwanamke alikuwa amelilalia majira matatu ya baridi huku yeye akisikiliza pumzi zake.

Alipomaliza kulia alijipangusa uso kwa foronya. Akatazama sakafuni, pale palipokuwa na fuko la maganda.

"Nimelala, mama," alisema.

Akangoja. Hakuna aliyembishia, akaenda kumkamua ng'ombe.