Githeri ya mathe ilipita lab, maziwa yake ikaanguka: yaliyotukuta Tetu

Wakuu, salamu kutoka Tetu, huku baridi imetuingia hadi kwa mifupa.

Leo nimekuja na yetu ya nyumbani. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mathe mwenyewe, mama yangu, amenipa ruhusa niandike. Amesema tu nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa, kwa sababu yeye si wa kuhurumiwa. Mtaona.

Mimi ni Maina, na niko na diploma ya mambo ya usalama wa chakula. Hiyo diploma ilikaa kwa kabati miaka miwili nikichuna majani chai.

Halafu wakaja watu wa utafiti kutoka chuo fulani. Walikuwa wanatafuta aflatoxin, ile sumu inaletwa na ukungu wa mahindi. Haionekani, haina harufu, na hata uchemshe sufuria siku nzima haitoki. Walitaka vijana wa huku huku wa kuzunguka kwa maboma, kuuliza maswali na kubeba samples za mahindi na maziwa. Nikachukuliwa.

Aki siku nilivaa ile badge, hata mbwa wetu alinipisha njia.

Sasa niwaeleze mathe wangu ni nani.

Mathe ni mtu wa usafi wa kuudhi. Mahindi haiingii kwa sufuria yake kabla hajakaa chini na gitaruru, ule ungo wetu wa kupepetea, akaichagua punje moja moja. Yenye doa, nje. Yenye ukungu, nje. Ile iliyooza sisi tunaiita mbuthu, na ukimwambia mathe umeona mbuthu kwa githeri yake, ile ya mahindi na maharagwe, umemtukana.

Maziwa ndiyo usiseme. Tangu nizaliwe, maziwa yake haijawahi kurudishwa kwa kituo cha dairy. Jamaa wa kupima huko akiona mtungi wake anamwaga tu kwa tanki bila maneno mengi. Na maziwa ya hapo nyumbani ndiyo mtoto wangu Ciku anakunywa, asubuhi na jioni. Ana miaka mitatu na anaishi na cucu wake, yaani mathe, nikiwa field.

So boma yetu ilipochaguliwa kwa utafiti, mathe alifurahi. Alijua atakuwa number one.

Sheria ilikuwa usihoji watu wa kwenu. Kwa hivyo alihojiwa na mwenzangu Kevo, kijana wa Timau, na mimi nikabeba cooler box tu. Kevo akafika kwa lile swali: je, familia inakula mahindi iliyooza?

Mathe akamwangalia kama mtu ameingia kanisani na kofia.

"Mbuthu? Hapa kwangu? Andika hapana. Andika mara mbili."

Kevo akaandika hapana. Akauliza ng'ombe anakula nini. Mathe akasema napier, hay, na dairy meal ya duka. Kevo akaandika.

Wakati huo wote nilikuwa nimesimama nyuma yao pale kwa store. Cooler box ilikuwa nzito, nikaiweka juu ya gunia moja lililokuwa hapo kando. Kumbukeni hilo gunia.

Wiki kadhaa zikapita, results zikatoka.

Daktari Nafula, yule mama anayeongoza utafiti, hakuwa mtu wa kutangaza mambo ya watu. Kila boma ilikuwa na namba, na majibu alikuwa anapeleka mwenyewe mlangoni. Aliniita kando akaniambia twende kwetu pamoja. Nikaona uso wake, nikajua si pongezi tunapeleka.

Mathe alikuwa ameshatoa vikombe vya wageni.

Daktari akamweleza polepole. Mahindi yako ya kupika ni safi sana, Mama Maina, katika safi zaidi tumepata huku. Lakini maziwa ya ng'ombe wako iko na sumu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Na hapa kijijini, yako ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wueh.

Ciku alikuwa ameketi hapo na kikombe chake cha maziwa. Mathe akakichukua kutoka kwa mkono wa mtoto, akatoka nje, akamwaga, akarudi akakaa. Mtoto akaanza kulia.

"Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimpea?"

Wakuu, nimemwona mathe akizika baba yangu. Hata siku hiyo sauti yake haikuwa hivyo.

Halafu hasira ikaja. Ati mashine yenu imechanganya chupa. Ati leteni chupa mpya. Akamwosha ng'ombe wetu Kairu matiti mbele ya Daktari, akakamua, akafunga chupa yeye mwenyewe, akaandika namba kwa mkono wake.

Majibu yakarudi vile vile.

Daktari alikuwa ametueleza kuwa sumu haiingii kwa maziwa kutoka hewani. Inapitia kwa kile ng'ombe anakula. Mathe akapiga hesabu yake: napier ni ya shamba, hay ni ya jirani, imebaki dairy meal. Akajifunga leso, akashuka hadi kwa agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo, akamwambia yule mzee wa duka mbele ya wateja kwamba anaua watoto wa watu.

Mzee wa watu hakujibizana. Alifungua gunia jipya, akachota, akasema pelekeni mkapime.

Ikapimwa. Safi.

Hiyo wiki mathe hakupeleka maziwa dairy, wala hakunywa, wala hakumpa mtu. Alikuwa anakamua anamwaga chini ya migomba. Watu wakaanza kuuliza kwani Mama Maina amepatwa na nini. Mwingine akasema labda anaweka maji ndio maana ameogopa kituo. Mathe akasikia. Jumapili hiyo hakuenda kanisa, na mathe hakosi kanisa hata akiwa na homa.

Mimi nilianza kujuta kwa nini nilileta hawa watu kijijini. Kabla yao tulikuwa tunakunywa maziwa yetu kwa amani, nikajiambia hivyo kama mpumbavu.

Daktari akarudi siku moja kuchukua sample ya hay. Akamkuta mathe nje na gitaruru, anachagua mahindi. Wakaongea hapo, Daktari akiuliza tena, mathe akijibu bila kuinua kichwa. Nzuri kwa bakuli, mbaya kwa beseni. Nzuri kwa bakuli, mbaya kwa beseni.

Mara mkono ukasimama.

Mathe akaangalia beseni. Akaangalia kwa zizi. Akaangalia beseni tena.

"Daktari," akasema, "kwani hii pia inahesabiwa kama chakula?"

Daktari akamuuliza hiyo ya beseni huwa inaenda wapi.

"Si ni ya kutupa. Tunaweka kwa gunia, ikijaa tunasagisha kwa posho mill, tunampea Kairu."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Gunia! Lile gunia nilikuwa nimewekea cooler box! Mimi na badge yangu na diploma yangu! Na si ati sikujua. Hiyo mbuthu nimebeba hadi posho mill tangu nikiwa class four. Nimeingia kwa boma nyingi nikiona gunia kama hilo kwa kila store, na sikuwahi kuliandika mahali, kwa sababu kwetu hiyo si kitu. Chakula haitupwi. Kisichofaa mtu ni cha ng'ombe, hivyo ndivyo tumelelewa.

Daktari alikaa chini pale kwa nyasi, na skirt yake ya ofisi. Akasema maneno sitasahau.

"Mama Maina, wewe unachagua vizuri kuliko wote. Ndiyo maana Kairu amekuwa akikula mbaya kuliko wote."

Mathe akacheka na machozi yakitoka. Alikuwa ametoa sumu kwa sahani ya mtoto punje kwa punje, na ikazunguka kwa zizi ikarudi kwa kikombe.

Hilo gunia halikumaliza siku. Alichimba shimo chini ya shamba akazika mbuthu yote. Kesho yake akarudi kwa agrovet na jogoo mmoja mkubwa, akamwomba mzee msamaha mbele ya wateja, vile alimtukania mbele ya wateja. Akanunua dairy meal pia.

Baadaye utafiti ulifanya mkutano kwa hall ya kanisa, kurudishia watu majibu. Daktari alieleza bila kutaja mtu. Namba fulani hivi, namba fulani vile. Watu wakaanza kunong'onezana, nani huyo, nani huyo.

Mathe akasimama.

Nikamvuta leso. Akanigonga mkono.

"Hiyo namba ni mimi," akasema. "Nyinyi wote mnajua mahindi yangu. Hakuna mtu hapa anachagua kunishinda. Na maziwa yangu ndiyo ilikuwa na sumu kuwashinda nyinyi wote. Sasa kila mtu aende kwake aangalie gunia yake ya ng'ombe, halafu arudi anicheke."

Hakuna aliyecheka. Kisha mama mmoja akainua mkono akasema hata yeye analo. Mwingine akainua. Mwingine. Yule aliyesema mathe anaweka maji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Form zilibadilishwa. Siku hizi tukiingia kwa boma kuna swali jipya: mahindi mliyoondoa wakati wa kuchagua, nani anakula? Mathe aliomba kuona hiyo karatasi. Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma mara mbili.

"Hii ni swali yangu," akasema.

Ndiyo, mathe. Ni yako. Aliacha shule darasa la sita, na swali lake sasa linaulizwa hadi upande wa Kutus.

Kairu alipimwa tena baada ya kuacha mbuthu. Siku majibu yalitoka nilikuwa field, mathe akanipigia. Hakusalimia. Alisema tu, "Imepita. Ciku amekunywa vikombe viwili," akakata simu. Nilisimama kando ya barabara nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Nilichojifunza? Kwamba mtu anaweza kukujibu ukweli mtupu na bado ukakosa jibu, kama wewe mwenyewe umezoea kitu hadi hukioni. Mathe hakudanganya hata neno moja. Ni mimi nilikuwa na macho na sikuyatumia. Na mahindi ikishashika ukungu, ndugu zangu, usimpe ng'ombe, usimpe kuku. Zika. Najua inauma kutupa chakula. Zika tu.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mbuthu inaenda wapi? Semeni ukweli, hapa hatuchekani. Ila kabla hujaandika kwa mbio ati "kwetu hakuna", enda kwanza store, uangalie ni gunia gani umewekea mzigo juu.