Jiwe la Dani na Mtihani wa Jiografia

Nakumbuka Jumamosi niliyovunja kitu ambacho hadi leo sijaweza kukiunga, na nusu yake ndiyo hiyo unayojikwaa nayo kila asubuhi mlangoni pa jikoni, mwanangu. Juzi nilikusikia ukisema jiwe hilo litupwe. Usilitupe. Funga kwanza hicho kitabu cha jiografia, simu nayo iweke kando, mtihani hautakimbia. Kaa hapa nikuambie lilikotoka.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nikiwa kidato cha nne katika shule moja ya kutwa karibu na Sori, huko ziwani. Nilikuwa na mdomo, mwanangu. Wewe unao, lakini wangu ulikuwa na makali. Katika jiografia nilikuwa wa kwanza darasani, na kila alfajiri nilikariri daftari langu kwa sauti nikifagia boma: tabaka za dunia, volkano, mmomonyoko wa udongo, halafu miamba. Miamba ya moto! Miamba ya mashapo! Miamba geu! Niliiimba kama kwaya ya kanisani mpaka kuku wakanizoea. Kuijua je? Aa-aa. Kasuku naye husema.

Nilikuwa nikiishi na bibi yangu, mama mzazi wa baba. Sote tulimwita Dani, kama bibi wanavyoitwa kwetu, ingawa jina lake lilikuwa Robi, kama wewe. Dani hakuzaliwa ziwani. Alizaliwa Ntimaru, kwa Wakuria, akaolewa na Mjaluo, na siku ya kuondoka kwao mama yake alimpa jiwe la kusagia. Lilikuwa zito, la kijivu, lenye chembe kubwa zinazometameta juani. Kaka zake walilibeba kwa zamu. Huyo mama yake aliitwa Boke, na mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake. Ndiyo maana Dani hakuwahi kuniita Boke hata siku moja. Aliniita Mama. "Mama, umekula?" "Mama, hebu nikune mgongo." Nami nilijivuna, msichana mdogo mwenye binti mzee asiye na meno ya mbele!

Kwa jiwe hilo Dani alisaga njugu na simsim za kuuza sokoni. Mashine ya kusaga ilikuwepo, ikinguruma kutwa nzima, lakini wapishi wa Sori walisema mboga bila njugu za Dani ni majani tu.

Sasa basi, wiki tano kabla ya mtihani wetu wa mwisho, Mwalimu Odek, aliyetufundisha jiografia, alitaka turudie miamba kwa kuishika mikononi. Kila kikundi kilete vipande vyake Jumatatu. "Na atakayeniletea graniti," akasema, "nitampa mkono mbele ya darasa." Alijua anachosema. Kando ya ziwa letu kuna mawe meusi ya volkano na magenge meupe yanayomeguka. Graniti utaitafuta mpaka viatu viishe. Lakini mimi nilijua mahali ilipo. Ilikuwa jikoni kwetu.

Rafiki yangu Adhiambo alinionya. "Boke, achana na hiyo. Hiyo ni ya mtu."

"Nataka kipande kidogo tu cha pembeni," nikamwambia. "Hata hatajua."

Dani alikuwa ameenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikachukua nyundo ya baba, nikalenga pembe, nikapiga. Ko! Kile kipande kilitoka, kweli, lakini jiwe lenyewe likapasuka katikati, pande mbili. Sikuwa nimewaza kwamba miaka yote ile ya kusaga ilikuwa imelila katikati likawa jembamba. Woi! Nilisimama pale na nyundo mkononi. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Dani aliporudi hakupiga kelele. Aliketi chini, akavuta zile nusu mbili, akaziunganisha polepole, akapangusa ule ufa kwa pindo la leso yake kama anayefuta mtoto machozi. Nilitamani anichape tu yaishe.

"Ulikuwa unataka nini?" akaniuliza.

"Kipande cha kupeleka shule, Dani."

"Ulikipata?"

"Nilikipata."

"Basi vizuri. Haya mwanafunzi, kateke maji."

Mwanafunzi! Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake ikawa "mwanafunzi, chakula." Jumatatu Mwalimu Odek aliinua kile kipande darasani, akanipa mkono, wenzangu wakapiga makofi, nami nikarudi nyumbani nikasikia "mwanafunzi, ng'ombe wameingia shambani." Ule mkono nilioutamani haukuwa na utamu wowote. Nilichotaka ni Dani aniite Mama tena, basi.

Siku ya tatu alinisimamisha uani. "Wewe unayajua mawe, sivyo? Kila asubuhi nakusikia ukiyaimba. Nitafutie jingine."

Nikafurahi kama mjinga. Nikakimbilia yale magenge meupe, nikapata bapa zuri, jepesi, limenyooka kana kwamba limepigwa randa. Dani akiwa shambani nikasaga njugu mwenyewe, nikazipeleka mbio kwa Mzee Salimu. Huyu alikuwa mwenye duka pale senta, mtu wa Lamu aliyekuja kwa biashara akasahau kurudi, na ndiye aliyekuwa mteja mkubwa wa Dani. Akachovya kidole, akaonja. Nikaona shavu lake limesimama.

"Mwanangu," akasema taratibu, kwa kile Kiswahili chake cha asali, "mimi niliagiza njugu. Mbona umeniletea ufuo mzima?"

Mchanga! Jiwe lilikuwa limejisaga lenyewe ndani ya njugu. Nililia pale pale dukani. Mzee Salimu alinipa maji nisukutue aibu yangu, kisha akaniambia, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nenda kamwambie bibi yako ukweli."

Nilimwambia. Dani akalichukua lile bapa, akalikwaruza kwa ukucha, unga mweupe ukamjaa kidoleni. "Mchanga ulioshikana," akasema, "ukiusugua utakumbuka kwao." Na mimi nikakumbuka daftari langu: miamba ya mashapo, chembe zilizotulia majini tabaka kwa tabaka zikakandamizwa. Nilikuwa nimeuimba mstari huo mara mia, na bado nikasagia njugu juu yake.

Ungedhani nimekoma. Thubutu! Wiki tatu baadaye mimi na Adhiambo tulienda kwa baiskeli hadi upande wa Macalder, tukarudi na jiwe jeusi lenye kung'aa, gumu kweli. Hili halimwagi mchanga, nikajisemea. Dani akalimwagia maji, akaligonga ubavuni kwa jiwe dogo, mara moja tu. Likafunguka vipande vipande kama chapati ya mafuta. Lilikuwa udongo wa zamani, hilo, uliopikwa kwa joto na kubanwa mpaka ukalala kurasa kurasa. Mwamba geu. Nilimtazama Dani nikitegemea acheke, lakini alisema tu, "Mwanafunzi, ondoa hivi vipande, kuku watajikata."

Zilibaki siku tisa kwa mtihani. Usiku wa hiyo siku sikusoma chochote. Asubuhi nikaenda kumpigia magoti jikoni, nikasema maneno yaliyonitoka kwa shida kama jino: "Dani, sijui. Sijui jiwe. Nionyeshe."

"Mimi nilikuwa nangoja hilo tu," akasema. "Chukua kikapu."

Tulipanda kilima cha nyuma polepole, kwa sababu ya magoti yake. Huko, mwanangu, ndiko nilikorudia jiografia. Alinifundisha kugonga na kusikiliza: jiwe linalolia wazi halina ufa ndani, linalosema bu limeoza. Alinifundisha kusugua mawili pamoja, kupuliza vumbi, na kuweka ulimi kuonja kama kuna mchanga. Mwishowe akagusa jiwe moja jeusi lenye vitundu vidogo vidogo kila mahali. "Hili linauma njugu," akasema. "Hata likilika, chini kuna vitundu vingine."

Nami nikapata cha kumwambia. Nikamweleza kwamba vitundu vile ni hewa iliyonaswa, maana jiwe hilo lilikuwa limeyeyuka likichemka, likamwagwa juu ya ardhi na volkano, likapoa haraka.

"Uongo!" akasema Dani.

"Haki ya Mungu. Kama uji ukiumwaga juu ya sahani. Na lile la mama yako lilikuwa uji vilevile, lakini lilibaki chunguni, chini kabisa ya ardhi, likapoa polepole miaka na miaka. Ndiyo maana chembe zake zilikuwa kubwa, zilipata nafasi ya kukua."

Dani akasimama, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi. "Kumbe mama alinipa uji, kaka zangu wakaubeba kutoka Ntimaru!" Nami nikacheka, lakini moyoni nilihesabu: alikuwa bado hajaniita.

Mtihani ukaja. Karatasi ilitutaka tueleze kwa nini miamba miwili ya moto inaweza kuwa na chembe tofauti, na kwa nini miamba mingine hubanduka tabaka tabaka. Sikuimba chochote. Nilikiona kilima, nikasikia sauti ya mawe, nikaandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Nilipofika nyumbani Dani alikuwa mbele ya lile jiwe jeusi la kilimani, amenyunyiza njugu, hajaanza kusaga.

"Walikuuliza nini?"

"Mawe, Dani."

"Uliwaambia habari ya jiwe la mama yangu?"

"Niliwaambia lilipoa polepole."

Akasogea kidogo kwenye mkeka. "Basi kaa hapa, Mama," akasema. "Anza wewe, mikono yangu imechoka."

Nililia juu ya zile njugu, mwanangu, zikapata chumvi. Mzee Salimu alizinunua zote. Dani alipofariki tuliweka nusu moja ya jiwe kichwani pa kaburi lake, na nusu ya pili nikaja nayo hapa.

Nasaha yangu ni hii. Soma, tena soma sana, kwa maana hata Dani alikufa akijua siri ya jiwe lake kwa sababu ya daftari langu. Lakini usivunje cha mtu ili upate cha kumwonyesha mwalimu. Neno ulilolikariri lipeleke nje ukalishike kwa mkono, na lisipokubali, mtafute aliyelishika kabla yako ukamwambie "sijui". Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilichelewa kuinama karibu wiki nne.

Mungu akutulizie moyo siku ya karatasi, akili yako ilie wazi kama jiwe lisilo na ufa, na ukirudi nyumbani umkute mtu amekusogezea nafasi kwenye mkeka. Haya, fungua kitabu chako sasa. Soma, Dani wangu.