Kipande cha Mpira cha Duka la Baba

Kabati langu mke wangu huliita makaburini. Ndani yake mna bilauri ya hoteli ya Korogwe iliyofungwa zamani, kalenda ya studio ya picha, kofia ya kondakta wa basi lililotujaza vumbi mpaka Handeni, na takataka nyingine za biashara zilizokufa. "Marehemu wako wameamkaje?" huniuliza asubuhi. Humjibu kwamba hawajambo, wanamsalimu.

Marehemu mmoja tu hakuwamo, naye ndiye niliyemtaka kuliko wote: duka la baiskeli la baba yangu. Kila aliyenunua baiskeli kwake alipewa bure kipande cha mpira cha kuning'inia kwenye madigadi ya nyuma, kimeandikwa kwa rangi nyeupe: USINIFUATE, NENDA DUKANI. Baba alijiona mjanja sana kwa maneno hayo. Alipofariki, nyumbani hakikuwepo hata kimoja. Mganga hajigangi.

Mwaka jana nikasikia kimoja bado kipo Kwedizinga, kwa mzee ambaye wazazi wake walitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua: watani. Nikafurahi, maana mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa.

Nikafika, nikavua viatu mlangoni, nikampa shikamoo yake, nikanywa chai yake. Kisha nikatoka nje na bisibisi niliyoificha mfukoni, nikainama nyuma ya baiskeli yake.

"Mtani, hiki nakichukua."

"Chukua tu, mtani wangu," akasema. "Na mie nachukua hivi."

Nilipoinua kichwa, viatu vyangu vilikuwa vimeshabanwa kwenye keria, naye ameshapanda. Nilikuwa nimesahau kwamba utani ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

"Naenda shambani!" akapiga kelele. "Ukivitaka, njoo!"

Nikamkimbilia peku kwenye kokoto, bisibisi mkononi, na akina mama wa kisimani wakaacha ndoo zao ili wacheke vizuri. Kipande cha mpira kilicheza mbele ya macho yangu, rangi imefifia lakini inasomeka. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakakataa kukoma, maana nilimkumbuka baba vibaya mno. Ananiambia nisifuate, niende dukani. Pale dukani siku hizi wanauza kava za simu.

Nikaendelea kufuata.