Albamu kwenye flashi ya dereva

Jumamosi, kwenye kibanda cha kuwekea watu nyimbo kwenye flashi pale Shelui, nilimkuta dada mmoja akimbana dereva wa lori achukue albamu yake ya rap, aliyoirekodi kwa Kinyiramba kwa miaka mitatu.

“Mimi Msukuma, dada. Sitaelewa.”

“Sikiliza wimbo mmoja tu, kaka. Ukikuchosha, naufuta mwenyewe.”

Akamvisha hedifoni, akasimama mikono kiunoni. Dereva alikunja uso, kisha kichwa kikaanza kufuata mdundo.

“Unamgombeza nani hivi?”

“Najigombeza mwenyewe, nisiache muziki.”

“Basi weka zote. Safari ndefu inataka mtu wa kunigombeza nisisinzie.”

Dada akaweka nyimbo zote kumi na mbili, akamgeukia dereva aliyefuata. Mimi nyumbani nagombeza kila siku, na hakuna aliyewahi kuniletea flashi.