Spika Iliyofichwa kwenye Buti

Siku zile, Jumapili ikishapita saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani, ili kubana mafuta. Wenye magari wengine walijilalia. Baba yangu alivaa shati lake jeupe, akafungua milango ya gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini, akamkaribisha mama kiti cha mbele na mimi nyuma, tukakaa kusikiliza muziki wa dansi redioni. Hatukwenda popote. Wapita njia wa Temeke walipotuuliza safari ni ya wapi, baba aliwajibu kwamba tumeshafika.

Ujanani alipiga gita la besi kwenye bendi ndogo ya kazini, na huko ukumbini ndiko mama alikomwona. Lakini miaka ya kugonga mabati karakanani ilimla masikio taratibu, naye hakukubali hata kidogo. Alisema waimbaji wa siku hizi wavivu, watangazaji wananong'ona, redio imezeeka. Mwisho akatangaza kwamba ataing'oa aiuze, maana hakuona sababu ya kukaa ndani ya gari lililosimama kama mizigo. Jikoni mama aliniambia, machozi yakimlengalenga, kwamba saa zile za garini ndizo pekee alizobakiwa nazo na mtu wake. Niliumia sana.

Kumwambia ukweli haikuwezekana. Niliwahi kumtajia hospitali, akanuna na chakula akasusa, na kwa baba yangu kususa chakula si jambo dogo. Mama ndiye aliyeleta shauri. Sebuleni kwetu lilikuwepo kabati la redio na santuri, lililokufa kitambo kwa kukosa vipuri, kazi yake sasa ikiwa kubeba vikombe vya wageni. Ndani yake mlikuwa na spika pana kama ungo mdogo. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa fundi redio Kinondoni, naye akasema tukiitia spika hiyo kwenye sanduku la mbao ndani ya buti na kuiunganisha na redio ya gari, mngurumo wa besi utatembea kwenye bodi zima la gari. Sikio likigoma, mgongo utasikia.

Ikabaki namna ya kulipata gari. Gari la shughuli ya msiba hanyimwi mtu, lakini mama alikataa katakata kumuua mtu wa uongo, basi mjomba akaliazima kwa kisingizio cha kuhamisha kitanda. Alilirudisha jioni, waya zimepita chini ya mazulia, sanduku limefunikwa gunia. Tukachungulia ndani ya buti, tukanong'ona, tukafunga haraka. Hodari kweli sisi! Ilikuwa miezi ya kusaka sukari na sabuni kwa tochi, anayezificha akikamatwa kama mlanguzi, na sisi tunaficha sanduku lenye gunia mbele ya mtaa mzima.

Jumapili baba akawasha redio. Akaweka kiganja mlangoni, kisha kwenye dashibodi, na bega lake likaanza kucheza lenyewe.

"Leo bendi imepania," alisema.

Mama akageuzia uso dirishani ili baba asimwone. Mimi huku nyuma nilicheka kimyakimya kwa furaha.

Wimbo haujaisha, akatokea balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja asiyetaniwa, na wanaume wawili nyuma yake. Tukamwamkia. Akasema ameletewa habari kwamba butini mna sukari. Baba alicheka, akampa ufunguo. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Gunia likaondolewa. Baba akakiona kitambaa cha spika ya kabati letu, na pembeni doa la mshumaa alilolifanya mwenyewe umeme ulipokatika sebuleni. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Wala hakuhitaji kuelezwa. Balozi akauliza ni nani anayeficha spika ndani ya gari lake mwenyewe, na anamficha nani. Mama akafungua mdomo, lakini baba akamuwahi.

"Hii yangu, mama balozi. Masikio yangu hayasikii vizuri siku hizi, nikamwomba shemeji anifungie. Nimeificha mie mwenyewe, kwa aibu tu."

Alikuwa hajawahi kulisema, hata kwetu. Balozi akawaruhusu wale wanaume waende zao. Kisha akaomba naye akae kidogo, akaingia nyuma pamoja nami, mkoba magotini, na hakushuka mpaka kipindi kilipokwisha. Kesho yake betri ilikuwa imelala na tukasukuma gari.

Lakini jioni ile, balozi alipoondoka, baba hakuzima redio. Aliinamisha kichwa kuelekea kwa mama.

"Haya, sasa sema. Hili la kushoto bado lina uzima kidogo."

Mama akasogea, akamwambia jambo ambalo mimi sikulisikia. Baba akacheka, kisha akamwomba alirudie.