Tulivyokwenda Bunda Mtoto Akiwa Kichwa Juu

Niliondoka nyumbani Kamunyonge, hapa Musoma, kwa sababu ya simu ya shemeji yangu Magesa, anayeishi Butiama na mdogo wangu Nyangeta. Alisema kliniki wamempima Nyangeta, mimba imebakiza wiki chache, na mtoto hajageuka: kichwa kiko juu, chini ya mbavu, na makalio ndiyo yaliyotangulia kwenye nyonga. Wameelekezwa hospitali Bunda. Yeye alikuwa na ng'ombe wagonjwa na hakuwa na wa kumwachia, akaniomba nimsindikize mke wake. Nilikubali papo hapo. Shangazi yetu alifariki akijifungua mtoto aliyetanguliza miguu, na Nyangeta ndiye aliyepewa jina lake.

Butiama nilifika kabla ya chakula cha mchana. Nyangeta alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo, nikagusa kitu kigumu cha mviringo.

"Hicho ndicho kichwa," akasema. "Dada, nimebeba jina la shangazi. Unadhani nimebeba na hilo?"

Nilimwambia shangazi hakufikishwa hospitali, na sisi tunakwenda.

Mama mkwe wake alikuwa ameshaandaa mafuta. Alitaka amkande tumbo, amgeuze mtoto palepale nyumbani. "Sisi tulikuwaga tunawageuza hivyohivyo," akaniambia. Nilimwomba kwa heshima zote tusimguse mpaka daktari amwone. Aliyaondoa mafuta, akaenda kukaa jikoni, na mimi nikabaki na aibu ya mgeni aliyemkatalia mwenye nyumba.

Kesho yake asubuhi gari tulilokodi lilipofika, tulimkuta mama huyo ameshavaa, amekaa kiti cha mbele. Hakuna aliyemuuliza.

Baada ya Kiabakari, Nyangeta aliomba tusimame, maana kichwa cha mtoto kilikuwa kinambana mbavu na pumzi haitoshi. Mama mkwe alishuka naye, akamsugua mgongo taratibu kando ya shamba la pamba mpaka akapumua vizuri. Tangu hapo nikafurahi kwamba amekuja.

Bunda tulipokelewa na daktari wa kike, mtu wa makamo. Alimpiga Nyangeta altrasaundi, akathibitisha makalio yapo chini. Alisema mara nyingi watoto hujigeuza wenyewe kabla ya wiki hizi, ila huyu amechelewa na nafasi inazidi kuwa finyu. Angejaribu kumgeuza kwa mikono kupitia tumboni. Ikishindikana, upasuaji.

Mama mkwe alinigeukia. "Si ndicho nilichosema mimi?"

Daktari hakucheka. "Ni kweli mama, kazi ni ileile," akamjibu. "Ila hapa nimeona kondo la nyuma limekaa wapi, nasikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji ni mlango wa pili. Mtoto akichoka, tunamtoa. Nyumbani ungemtoaje?"

Mama alifikiri, akasema ni sawa.

Walimchoma Nyangeta sindano ya kulegeza mji wa mimba. Mkono mmoja wa daktari ukayanyanyua makalio kutoka kwenye nyonga, mwingine ukakisukuma kichwa kiiname. Tumbo lilivimba upande mmoja. Nyangeta alinishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mtoto alifika katikati, akakataa, akarudi alikotoka. Walisubiri, wakasikiliza moyo, wakajaribu tena. Safari hii niliona kitu kikubwa kikipita chini ya ngozi kama mtu anayejigeuza ndani ya shuka, kisha tumbo likatulia. Daktari akarudisha mashine ya altrasaundi tumboni, akatabasamu.

"Kichwa kiko chini."

Nyangeta alilia. Mama mkwe naye akalia. Mimi niliomba kiti.

Tulishauriwa tusiende mbali, tukapanga chumba Nyasura, hapohapo Bunda. Siku chache baadaye Nyangeta alitoka kuoga akasema anapumua kama zamani, ila haja ndogo haimpi nafasi. Tumbo lilikuwa limeshuka. Nesi alipompima alisema kichwa kimeingia kwenye nyonga.

Uchungu ulianza asubuhi, na mchana mtoto wa kike akazaliwa, kwa njia ya kawaida. Baadaye mkunga alitueleza kwamba kichwa huingia uso ukiwa umetazama ubavuni, kwa kuwa huko juu nyonga ni pana kwa upande. Kikishuka, kidevu kinabana kifua na uso unageukia mgongo wa mama. Kichwa kikishatoka, mtoto anageuka tena ili mabega yapite. Nilikuwa nimezaa watoto wanne bila kujua kwamba walifanya kazi hiyo yote.

Siku tuliyorudi Butiama, wanawake walijaa uani kumwona mtoto. Mama mkwe alimpakata, akawasimulia yote, mpaka na mafuta yake.

"Wakiwaambia kichwa kiko juu, msinitafute mimi kwanza," akawaambia. "Nendeni hospitali mapema. Mimi mtanikuta kwenye gari, nawasugua mgongo."

Na mimi nilichojifunza ni hichohicho, sina cha kuongeza. Nilipanda gari la Musoma, nikalala usingizi mzito njia nzima, mpaka abiria mwenzangu akaniamsha kuniambia tumefika.